Matembezi mafupi kando ya mto au bwawa, na mama mwenye magoti mabovu

SWALI: Tunaishi Nairobi. Mama yangu ametimiza miaka 68 na magoti yanamsumbua, hasa akishuka ngazi, lakini hapendi kukaa nyumbani wikendi nzima. Watoto wana miaka sita na tisa. Tunatafuta matembezi mafupi ya mashambani au msituni, kando ya mto au bwawa, ya nusu siku hivi, pasipo kupanda milima. Mwaka jana mwezi wa tano tulienda kwenye bwawa moja, tukateremka hadi karibu na maji, na yule mdogo akazama kwenye tope hadi magotini. Tulimtoa, kiatu kikabaki. Tangu siku hiyo shosho wao anaogopa. Tuende wapi, na tujiandae vipi?

JIBU: Dada, poleni na tope hilo, na mama mpe pole yake. Tuanzie hapohapo, kwa sababu kilichowapata siku ile ndicho huharibu matembezi mengi kando ya maji: watu hupima urahisi kwa kilomita. Kilomita nne za barabara ya mashamba ya chai iliyo juu ya bwawa ni nyepesi kuliko mita 100 za ufuo wa bwawa hilohilo. Unapochagua mahali, uliza kwanza mguu utakanyaga nini, mteremko wa kufikia maji ukoje, na kama mnaweza kugeuza popote bila kurudia pagumu. Urefu uulize mwisho.

Bwawa la maji ya mji halina ufuo wa kudumu. Mvua hulijaza, mji hulichota, kwa hiyo maji hupanda na kushuka mita kadhaa ndani ya mwaka mmoja, na huacha ukanda mtupu kati ya alama ya maji mengi na pale maji yalipo leo. Ukanda huo ni tope lililoletwa na mito, chembe zake ndogo mno, na halikauki kwa usawa. Jua hukausha juu likawa ganda lenye nyufa, unene wa vidole viwili au vitatu, huku chini kukibaki uji. Mtoto wa kilo 20 huweza kutembea juu ya ganda hilo mbali kabisa kabla halijapasuka. Likimpasukia, mzazi wa kilo 70 anayekimbia kumtoa huzama kabla hajamfikia. Ndiyo maana watoto hukwama mbali kuliko wakubwa, na ndiyo maana kuona pamekauka hakutoshi.

Soma ardhi kabla ya kuikanyaga. Palipoota nyasi nzito zenye mabua makavu ya msimu uliopita pako imara. Palipo na majani machanga tu, mafupi, ya kijani kibichi, maji yaliondoka wiki chache zilizopita, na hapo uwe na shaka. Ukiona pamelainika na kung'aa, au kwato za ng'ombe zimedidimia na mashimo yake yamejaa maji, simameni. Mwenye fimbo aisukume chini kwa mkono mmoja bila kuiegemea: ikiingia zaidi ya shibiri moja, geuzeni. Mei ni mwezi mbaya zaidi kwa ufuo wa bwawa. Masika yamelowesha udongo wote, na bwawa lenyewe linapanda, kwa hiyo maji hupenya tope la kiangazi kutoka chini hata kama siku mbili za jua zimekausha juu.

Na mtu akikwama tena? Asivute mguu juu kwa nguvu. Tope hunyonya, na anapouvuta mguu mmoja, uzito wote huhamia kwa wa pili nao ukazama. Aketi au aegemee nyuma ili uzito usambae, atikise mguu polepole mbele na nyuma mpaka maji yaingie pembeni mwa kiatu, kisha auvute kwa mlalo kuelekea nyuma alikotoka. Kiatu kikigoma, kiache; hapo hamkukosea. Anayesaidia abaki kwenye nyasi na kurusha leso, kanga au fimbo. Akilazimika kumshika mtoto, ashike chini ya makwapa. Kumvuta mtoto mdogo kwa kiganja hutegua kiwiko kwa urahisi sana.

Sasa mahali. Kwa familia kama yenu ningeanzia Karura, kisha Oloolua, na bwawa mliache mpaka mama arudishe imani na miguu yake. Kisha Ndakaini.

Msitu wa Karura una hekta 1,041 ndani ya jiji, na mito ya Ruaka, Karura na Gitathuru inaupitia. Barabara zake kuu ni pana, za murram (udongo mwekundu wa changarawe) iliyoshindiliwa, na kila njia panda ina kigingi chenye namba inayolingana na ramani. Hilo ni jambo kubwa kwa kikundi chenye miguu ya kasi tofauti. Mnaweza kuachana na kuambiana "tukutane namba fulani" bila mtu kupotea. Piga picha ya ramani iliyo getini kabla ya kuingia.

Watoto watataka maporomoko ya Mto Karura, na wana haki. Maji yanashuka kwenye mwamba mweusi wa volkano katikati ya miti, na karibu na hapo yako mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia. Shida ya mama iko mwishoni: kijia cha kushukia maporomoko kina ngazi, na ngazi hizo huteleza zikiloa. Kwa hiyo mwende watu wazima wawili. Mmoja ashuke na watoto, mwingine abaki juu na mama kwenye kivuli, au atembee naye kwenye barabara pana kwa dakika 20 kwenda na kurudi. Mama akisema magoti yako sawa na anataka kushuka, ashuke polepole, akijua kwamba kupanda kutamchosha pumzi tu. Kushuka ndiko kunakouma.

Maji ya Karura msiyaguse. Mto huo hupita mitaa yenye majitaka kabla ya kuingia msituni, na siku nyingine utaona povu chini ya maporomoko au utasikia harufu. Ni mto wa kutazama. Watoto waambiwe getini, wasingoje kuambiwa wakiwa wameshavua viatu, na mikono ioshwe kwa maji ya chupa na sabuni kabla ya kula. Chakula nacho msile karibu na kima. Wamezoea watu na hunyakua ndizi mkononi mwa mtoto, anayeng'ang'ania hukwaruzwa. Mbega wenye manyoya marefu meusi na meupe hawana ujeuri huo. Hukaa juu mitini. Walirudishwa Karura kutoka upande wa Kipipiri, kwa hiyo waonyesheni watoto, ni jambo la kufurahia.

Na kama watoto wana umri wa kuelewa, waambieni pia kwamba msitu huu ulikuwa ugawiwe wajenzi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miche ndani yake. Barabara ile pana mnayotembea na shosho ipo kwa sababu watu hao walikataa kuondoka.

Oloolua, upande wa Karen, ni mahali padogo na patulivu zaidi. Njia yake ya kilomita tano hivi imo katika eneo la taasisi ya utafiti wa nyani, inafuata Mto Mbagathi, na ina kinamasi cha mafunjo, mianzi yenye nafasi ya kupumzikia, pango na maporomoko madogo. Uzuri wake ni kwamba vitu viko karibukaribu: mtoto wa miaka sita hachoki kwa sababu kila baada ya muda kuna kipya. Ubaya wake ni kwamba njia ni nyembamba kuliko za Karura, ina mizizi, na sehemu za kushukia mtoni ni za mawe. Hapo mama anahitaji fimbo na mtu mbele yake. Pango lina giza, beba tochi halisi na usitegemee taa ya simu, kwa kuwa simu unaihitaji kwa mambo mengine. Msilazimike kumaliza mzunguko wote. Kwenda hadi kwenye mianzi, kula, na kurudi ni matembezi kamili.

Ndakaini iko Gatanga, Murang'a, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kupitia Thika. Ni bwawa lililokamilika mwaka 1994, linashika mita za ujazo milioni 70 kutoka mito Thika, Githika na Kayuyu, na sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka huko. Maji hayo hupita mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu na kuishia kwenye matangi ya Gigiri, jirani kabisa na Karura mtakakokuwa mmeanzia. Watoto hupenda kujua kwamba wanatembea kando ya maji ya bomba la nyumbani.

Kosa linalofanyika Ndakaini ni kutaka kulizunguka bwawa. Nusu marathoni ya Ndakaini hukimbiwa kwenye barabara zinazolizunguka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Hayo si matembezi ya mama wala ya mtoto. Badala yake chagueni kipande kimoja cha barabara ya mashamba ya chai mahali bwawa linapoonekana vizuri, mwende kilomita moja na nusu, mgeuze, mrudi mlikoacha gari. Kwenye chai barabara hufuata kingo za vilima na huwa hazina mwinuko mkali kwa muda mrefu, kwa sababu magari ya kubeba majani lazima yapite. Vijia vinavyokata moja kwa moja kushuka kati ya mistari ya chai ni vya wachumaji waliovizoea. Ni vikali, vimelainishwa na miguu, na mvua ikinyesha hugeuka kuwa utelezi mtupu. Magoti ya mama yasivione.

Ukuta wa bwawa na mnara wa kuchotea maji ni maeneo ya ulinzi. Ukitaka kupita juu ya ukuta, omba ruhusa ofisini getini, na ukikataliwa usibishane. Walinzi wana amri zao. Usitembee kwenye bonde la mto lililo chini ya ukuta, hata likiwa na maji kidogo, kwa kuwa maji ya ziada yakianza kumwagika mto hupanda bila mvua yoyote kunyesha hapo ulipo. Kuogelea kusiwepo kabisa. Kingo za bwawa la aina hii huzama ghafla chini ya maji, maji ni baridi kwa kuwa mpo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu mzima anayejua kuogelea vizuri hukakamaa.

Kuna mahali ambapo nisingewapeleka. Bwawa la Nairobi karibu na Kibera lilijengwa kwa burudani miaka ya 1950, ila leo limezibwa na magugu maji na majitaka. Fourteen Falls kwenye Mto Athi panavutia macho, lakini mawe ya juu ya maporomoko ni ya utelezi na hayana kizuizi. Kwa mtoto wa miaka sita ni hapana. Tena Mto Athi una viboko na mamba sehemu zake nyingi. Mkitaka kuwaona salama, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuna njia fupi ya miguu kando ya mto huo, mahali pa madimbwi ya viboko, na mnatembezwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Ni fupi, ni tambarare, na mama angeipenda. Nje ya mpango wa aina hiyo, kwenye mto wowote wa nyanda za chini usikae ukingoni asubuhi mapema wala jioni, wakati kiboko anatoka au kurudi majini. Kiboko hushambulia anayemkatia njia ya maji.

Muda. Ndipo watu wengi huumbuka. Mtu mzima peke yake hutembea kilomita tano kwa saa kwenye barabara nzuri, na programu za ramani za simu huhesabu hivyo. Kwa kikundi chenu hesabu dakika 25 kwa kila kilomita, ongeza dakika 10 kwa kila mita 50 za kupanda, kisha ongeza dakika 10 za kupumzika kwa kila nusu saa ya mwendo. Chukua mfano wa kilomita tatu, kwenda na kurudi, zenye kupanda mita 50 kwa jumla: dakika 75 za mwendo, 10 za mlima, na karibu 30 za kupumzika. Hiyo ni karibu saa mbili, bila kula. Weka saa moja ya chakula na michezo na asubuhi yenu imekwisha. Kilomita tatu zinatosha, dada. Usione aibu kuzitaja kwa majirani.

Anzeni saa tatu asubuhi. Nyasi zinakuwa zimeanza kukauka umande na bado jua si kali. Upande wa Ndakaini mvua huja zaidi alasiri, kwa hiyo mwe mmerudi kwenye gari kabla ya saa nane. Nairobi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, na giza hushuka upesi. Ndani ya msitu huingia nusu saa kabla ya hapo. Kabla ya kuondoka wekeni saa ya kugeuza, kwa mfano saa nne na nusu, na ikifika mgeuze hata kama maporomoko "yako hapo tu mbele". Saa ya kugeuza ndiyo humkinga mama. Watu wazima wenye heshima hawapendi kuwa wa kwanza kusema wamechoka mbele ya wajukuu, hujikaza mpaka goti livimbe. Ikiwa saa imekwisha kupangwa, hakuna anayelaumiwa.

Kwa misimu, Januari na Februari ndiyo bora, kisha Agosti mwishoni na Septemba. Juni na Julai njia huwa kavu kiasi, ila ukungu wa Ndakaini unaweza kuficha bwawa lote mpaka adhuhuri, na baridi hukaza magoti. Aprili, Mei na Novemba kaeni Karura kwenye murram. Kumbuka pia kwamba upande wa kusini na mashariki mwa jiji kuna ule udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hushikamana na viatu mpaka kila mguu unabeba kilo ya tope. Kwa mtu wa magoti mabovu, uzito huo peke yake huharibu siku.

Sasa magoti yenyewe. Anapotembea tambarare goti hubeba mzigo wa kawaida. Anaposhuka, misuli ya paja hulazimika kumzuia asidondoke, na mkazo wa hapo huangukia nyuma ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti. Ndiyo maana anaumia kwenye ngazi za kushuka na si za kupanda. Kwa hiyo pangeni njia ambayo mteremko mrefu unapandwa wakati wa kurudi, au ambayo haina mteremko kabisa. Akishuka, hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, na pale penye upana apite kwa kupindapinda badala ya kushuka wima. Kwenye ngazi za kushuka mguu mbovu hutangulia pamoja na fimbo, mzima ukafuata. Kwenye kupanda mguu mzima hutangulia.

Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa goti zima. Wengi hushika upande wa goti linalouma, na hapo fimbo haipunguzi kitu, kwa sababu mtu hujiinamisha juu ya goti lilelile. Urefu wake: asimame wima na viatu vyake, fimbo iguse ardhi, kiwiko kikunjike karibu pembe mraba. Kwa njia za msituni fimbo mbili ni bora kuliko moja. Si lazima ziwe za dukani. Mti mnyoofu, mwepesi, wenye unene wa kidole gumba na nusu, uliopigwa msasa mahali pa kushika, hufanya kazi hiyohiyo. Ncha ifungwe kipande cha mpira wa tairi ili isiteleze kwenye mawe.

Viatu vya mama viwe raba zenye kisigino kilichoshika na soli yenye meno, ambazo ameshazivaa nyumbani wiki mbili. Kamba zikazwe zaidi kabla ya kushuka, la sivyo vidole hugonga mbele na kucha hung'oka. Gambuti hazifai kwa mwendo wowote unaozidi dakika 20: hazishiki kifundo, na zikinaswa na tope hubaki humo. Watoto wavae suruali ndefu na soksi juu ya suruali, kwa ajili ya thabai, yale majani yanayowasha, zinazoota kando ya vijito vya nyanda za juu na kwa ajili ya siafu. Mkiona mstari wa siafu unakata njia, ruka kwa hatua moja ndefu na uendelee bila kusimama. Wakishamwingia mtu, aondoke hapo kwanza mita kumi ndipo avue. Akisimama mahali pamoja kuwatoa wengine wanazidi kupanda. Jioni wakagueni watoto kupe, nyuma ya masikio na nyuma ya magoti.

Kando ya mto mtu mzima atembee upande wa maji, mtoto upande wa nchi kavu. Ukingo wenye nyasi nzuri zinazoning'inia juu ya maji mara nyingi umeliwa chini na mkondo, na kinachoonekana ni kibaraza cha udongo kisicho na nguzo. Kaeni mita mbili kutoka ukingoni, na mkitaka kutazama maji tafuteni mahali penye mwamba au mizizi ya mti mkubwa. Mtoto akiwa karibu na maji awe umbali wa mkono, si umbali wa macho, kwa kuwa mtoto anayezama hapigi kelele. Mawe meusi yaliyolowa na yenye ute wa kijani hayakanyagwi na yeyote, hata mwenye raba mpya.

Mto unaweza kupanda mkiwa kwenye jua, kwa sababu mvua imenyesha juu kwenye milima. Dalili ni hizi: maji yaliyokuwa meupe yanageuka kahawia, majani na vijiti vinaanza kuelea kwa wingi, na sauti ya mto inakuwa nzito. Ukiona mojawapo, pandeni juu ya bonde mara moja, mbali na mto. Msikimbie kufuata mto kuelekea chini. Msivuke mto uliopanda kwa miguu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha chini ya goti humwangusha mtu mzima, na mama hana goti la kushindana nayo. Afadhali mkae upande huo saa mbili mpaka yapungue.

Kuhusu kichocho, kwenye baridi ya Ndakaini hofu ni ndogo, lakini mkitembea kando ya mifereji ya Mwea, Ziwa Victoria au mito ya Pwani, msiingize mguu kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Mtoto aliyeingia apelekwe apimwe baada ya wiki sita hivi hata kama haumwi, kwani dalili huchelewa na dawa ipo.

Mkobani wekeni lita moja ya maji kwa kila mtu mzima na nusu lita kwa kila mtoto, soksi za ziada za kila mtu ndani ya mfuko wa plastiki, taulo dogo, bendeji pana ya kunyumbulika kwa goti la mama, plasta, sabuni, tochi, na koti la mvua hata kukiwa na jua. Chakula kisiwe cha kuyeyuka wala cha kunukia: nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, njugu, machungwa. Kitambulisho kibebwe, kwa kuwa ada ya mwananchi hutolewa kwa anayekionyesha, na simu iwe na chaji kwa ajili ya malipo ya getini. Mabondeni mtandao hupotea, kwa hiyo aliyebaki nyumbani aambiwe mmeingilia geti gani na mtatoka saa ngapi. Namba za dharura ni 999 na 112.

Mkirudi nyumbani mama aketi na mguu ulioinuliwa kwa nusu saa, na barafu iliyofungwa kwenye taulo iwekwe gotini kwa dakika 15. Maumivu ya misuli ya mapaja siku inayofuata ni ya kawaida na yanaonyesha alishuka zaidi ya alivyozoea. Mara nyingine punguzeni mteremko, kilomita ziacheni zilivyo. Goti likivimba na kubaki limevimba siku ya tatu, likikwama lisinyooke, au likimwamsha usiku, msipange matembezi mengine mpaka daktari aliangalie. Kama hakuna lolote kati ya hayo, subirini wiki moja, mwende tena Karura njia ileile na saa ileile. Akiimaliza bila kuomba kupumzika zaidi ya mliyopanga, yuko tayari kwa Oloolua.